Ritifaa ya Ng'ombe: Historia Fupi ya Herufi ng' Kutoka Kalamu Hadi Kompyuta

Hapa Kinindo, kusini mwa mji wa Bujumbura, tuliwahi kupokea karatasi za mtihani wa Kiswahili zilizokuwa zimepigwa chapa mahali pengine. Swali moja liliwataka wanafunzi watunge sentensi kwa kutumia maneno matano. Neno la kwanza lilionekana hivi: ng?ombe. Neno la pili lilionekana hivi: ng?oa. Mwanafunzi mmoja aliinua mkono akauliza kwa adabu zote, "Mwalimu, swali hili limewekwa katikati ya neno?" Darasa zima likaangua kicheko, nasi tukacheka pamoja nao.

Tulipokusanya karatasi hatukucheka tena. Wapo waliodhani kwamba wanaulizwa habari za kitu kiitwacho "ombe". Wapo walioondoa alama ya kuuliza wakaandika "ngoa", neno ambalo lina maana yake nyingine kabisa. Wapo walioacha nafasi tupu. Na mwongozo wa kusahihisha ulisema kwamba neno lisiloandikwa kwa tahajia iliyo sawa lisipewe alama yoyote. Basi watoto wakapoteza alama kwa kosa ambalo si lao, wala si la mwalimu aliyetunga swali. Lilikuwa kosa la mashine iliyoshindwa kuitambua herufi moja ya lugha yetu.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukijiuliza: herufi ng' ni nini hasa? Imetoka wapi, na kwa nini mashine zinazoandika kila lugha ya dunia hujikwaa kwayo? Katika makala haya twapenda kuwashirikisha walimu wenzetu yale tuliyoyapata. Tutaanza na sauti yenyewe, tutapita katika hati ya Kiarabu, vitabu vya wamisionari na taipureta, kisha tutafika kwenye kompyuta. Mwishoni tutawatembelea kwa ufupi Walisu, watu wa milima ya Asia, kwa sababu wao walikumbana na tatizo la jamii moja na letu, na lao likapata dawa.

Sauti moja, alama tatu

Kila mwalimu wa Kiswahili anajua kwamba ng' ni sauti moja. Ni nazali inayotamkwa kwa sehemu ya nyuma ya ulimi kugusa kaakaa laini, na pumzi kupita puani. Hakuna g ndani yake. Katika neno ngoma twasikia nazali ikifuatwa na g. Katika neno ng'ombe twasikia nazali peke yake, kisha irabu. Tofauti hii si pambo. Ngata ni kata ya kichwani anayoivaa mchukuzi wa mzigo, lakini ng'ata ni kutia meno. Ngoa ni matamanio au wivu, lakini ng'oa ni kutoa kitu pamoja na mizizi yake. Anayemwambia daktari "ngoa jino" hajasema kitu.

Sauti ni moja, lakini katika maandishi twatumia alama tatu: n, g, na ritifaa. Hapo ndipo shida inapoanza kwa mwanafunzi wa Burundi. Mtoto wetu hufika katika darasa la Kiswahili akiwa amekwisha kuiona ritifaa katika lugha nyingine mbili. Katika Kirundi huiona katika n'umwana na katika nk'uko, ambako inaonyesha kwamba irabu imedondoka mbele ya irabu nyingine. Katika Kifaransa huiona katika l'école, na kazi yake ni ile ile. Kwake yeye, basi, ritifaa ni kaburi la irabu: hapa palikuwa na kitu, sasa hakipo. Akiliona neno ng'ombe huona vipande viwili, ng na ombe, naye hutafuta irabu iliyodondoka. Wala Kirundi hakimsaidii, maana ng'ombe kwa Kirundi ni inka, na tahajia ya Kirundi haina herufi ng'.

Hatuna budi, basi, kumweleza mwanafunzi tangu siku ya kwanza kwamba ritifaa ya Kiswahili katika ng' haionyeshi kilichoondoka. Ni kiungo cha herufi, kama nukta ya juu ya i ilivyo kiungo cha i. Mwenye kuiondoa ameandika herufi nyingine. Wahenga walisema kwamba ng'ombe haelemewi na nundu yake. Nundu hiyo imeota mgongoni pake mwenyewe. Nayo ritifaa ni nundu ya herufi hii.

Mzigo wa ghaini

Kabla ya herufi za Kirumi, Kiswahili kiliandikwa kwa karne kadhaa kwa herufi za Kiarabu. Miongoni mwa maandishi ya kale tuliyonayo ni nakala ya Utendi wa Tambuka ya mwaka 1728. Kiarabu hakina sauti ya ng', wala hakina p, ch, na v kama tulizonazo sisi. Waandishi wa pwani walifanya walivyoweza. Mara nyingi herufi ghaini ilibebeshwa mzigo wa sauti nne: gh, g, ng na ng'. Msomaji aliyeijua lugha alitambua kwa maana ya sentensi ni ipi iliyokusudiwa. Kwa watu waliozaliwa ndani ya lugha hilo halikuwa tatizo kubwa, na ushairi mwingi wa Lamu, Pate na Mombasa umehifadhiwa kwa njia hiyo.

Hata hivyo wataalamu wa pwani wenyewe waliuona upungufu huo. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, aliyezaliwa mwaka 1891 akafariki mwaka 1947, na ambaye mwaka 1932 alianzisha gazeti la Al-Islah, alishughulika na kuirekebisha hati ya Kiarabu ili iweze kubeba sauti za Kiswahili bila kuzichanganya. Twalitaja jambo hili kwa makusudi. Wako wanaodhani kwamba fikra ya kuipa kila sauti yetu alama yake ililetwa na wageni. La hasha! Wenye lugha waliihitaji na waliifanyia kazi.

Wamisionari na herufi za Kirumi

Katika karne ya 19 herufi za Kirumi zilianza kutumika kuandikia Kiswahili vitabuni. Johann Ludwig Krapf, aliyefika pwani ya Afrika Mashariki mwaka 1844, alichapisha sarufi yake mwaka 1850, na kamusi yake ikatoka mwaka 1882, baada ya kifo chake. Edward Steere alitoa kitabu chake cha Kiswahili cha Unguja mwaka 1870. Huko Ulaya nako, Richard Lepsius alitoa mwaka 1855 alfabeti aliyoikusudia kwa lugha zote zisizo na maandishi, na ndani yake sauti yetu iliandikwa kwa n yenye nukta juu yake: ṅ. Carl Meinhof, mtaalamu wa lugha za Kibantu, aliifuata njia hiyo.

Huku kwetu, kando ya Ziwa Tanganyika, Kiswahili kilifika kwa misafara ya biashara iliyopitia Ujiji, kisha kikatumika katika utawala wa Wajerumani, ambao boma lao la Usumbura ndilo chanzo cha mji wa Bujumbura wa leo. Kilibaki hai katika mitaa kama Buyenzi, hata wakati wa Wabelgiji walioingia mwaka 1916. Kilibaki vinywani, naam, lakini tahajia yake iliamuliwa mbali na sisi, katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza.

Njia panda ya mwaka 1930

Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulichagua lahaja ya Kiunguja iwe msingi wa Kiswahili Sanifu. Tarehe 1 Januari 1930 ikaanza kazi Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki, na Frederick Johnson akawa katibu wake. Kazi yake moja kubwa ilikuwa kusawazisha tahajia, na kamusi iliyobeba jina la Johnson ikatoka mwaka 1939.

Wakati ule ule, Taasisi ya Kimataifa ya Lugha na Tamaduni za Afrika, iliyoundwa London mwaka 1926, ilikuwa ikipendekeza alfabeti moja kwa lugha za bara zima. Katika alfabeti hiyo sauti yetu ilipewa herufi moja tu: ŋ, yaani n yenye mkia. Herufi hiyo si ya jana. Mwalimu Mwingereza Alexander Gil aliitumia mwaka 1619 katika kitabu chake juu ya Kiingereza, na wataalamu wa fonetiki wanaitumia hadi leo.

Kiswahili, basi, kilikuwa kwenye njia panda. Njia ya kwanza ilikuwa ŋombe: sauti moja, herufi moja. Njia ya pili ilikuwa ng'ombe: sauti moja, alama tatu. Kiswahili Sanifu kikashika njia ya pili. Faida yake si vigumu kuiona. Kila mtambo wa chapa, hata ule mdogo wa misioni, ulikuwa na n, g na ritifaa katika visanduku vyake vya herufi za risasi. Herufi ŋ ilitaka kununuliwa kutoka ng'ambo. Kadhalika taipureta za maofisini hazikuwa na kitufe cha ŋ. Kwa nchi zilizotaka vitabu vingi vya shule kwa bei nafuu, uamuzi huo ulikuwa na busara yake.

Majirani zetu wa Uganda walichagua vingine. Tahajia ya Luganda iliyosanifishwa mwaka 1947 inatumia ŋ. Lakini tazama yaliyowapata: kwa kuwa taipureta hazikuwa na herufi hiyo, watu wengi waliipiga chapa kama ng', sawa na sisi! Ndiyo kusema kwamba kanuni huandikwa na kamati, lakini mara nyingi mashine ndiyo inayoamua.

Taipureta yaleta alama ya pili

Mtu anayeandika kwa kalamu, au fundi wa chapa anayepanga herufi za risasi, huweka ritifaa yenye umbo la mkia mdogo uliopinda. Umbo hilo ni lile lile la alama moja ya kufunga nukuu. Waundaji wa taipureta walitaka kupunguza vitufe. Wakabuni alama moja iliyosimama wima, isiyoelekea kushoto wala kulia, ifanye kazi zote: kufungua nukuu, kufunga nukuu, na kuwa ritifaa.

Hivyo tukapata alama mbili kwa kazi moja: ritifaa iliyopinda ya vitabuni na ritifaa wima ya maofisini. Enzi za karatasi jambo hilo halikumdhuru mtu, kwa maana jicho la binadamu husamehe. Msomaji akiona wima au mkunjo, yeye husoma ng'ombe tu. Mashine, kinyume cha jicho, haisamehi.

Kompyuta na namba zake

Hapa twaomba msomaji awe na subira kidogo. Kompyuta haijui herufi, inajua namba. Kila herufi, kila nukta na kila nafasi tupu imepewa namba yake, na kinachohifadhiwa ndani ya mashine ni safu ya namba. Mwaka 1963 Wamarekani walitoa orodha iitwayo ASCII, yenye nafasi 128 tu. Ilitosha kwa Kiingereza. Ndani yake a ndogo ni 97, z ndogo ni 122, na ritifaa wima ya taipureta ikapewa namba 39. Ritifaa iliyopinda haikuwamo.

Baadaye kila kampuni na kila eneo la dunia likaongeza orodha yake, na orodha hizo hazikupatana. Katika orodha moja iliyoenea sana kwenye mfumo wa Windows, ritifaa iliyopinda iliwekwa kwenye namba 146; katika orodha nyingine namba hiyo haina herufi yoyote ya kusomeka. Maandishi yakihama kutoka mashine moja hadi nyingine, ile ya pili ikikosa kuitambua namba hiyo huweka alama ya kuuliza. Bila shaka msomaji amekwisha kumtambua mhalifu wa mtihani wetu.

Ili kumaliza vurugu hizo liliundwa mwaka 1991 shirika la Unicode, na mwaka huo huo toleo la kwanza la orodha yake likatoka. Nia yake ni kwamba kila herufi ya kila hati duniani iwe na namba moja isiyobadilika. Twaweza kutazamia kwamba hapo ndipo ritifaa yetu ingepata makao ya kudumu. Ilipata, lakini ilipata makao matatu!

Makao ya kwanza ni namba 39, ritifaa wima ya taipureta, iliyorithiwa kutoka ASCII. Inahesabiwa kuwa alama ya uandishi, kama nukta na mkato.

Makao ya pili ni namba 8217, ritifaa iliyopinda, ambayo ni hiyo hiyo alama ya kufunga nukuu. Nayo ni alama ya uandishi.

Makao ya tatu ni namba 700. Kwa umbo haitofautiani na ile ya 8217, lakini kwa tabia ni mbali nayo. Hii imeandikishwa kuwa herufi. Mashine ikikutana nayo inajua kwamba neno halijakatika.

Hapo mwanzo Unicode walielekeza kwamba ritifaa ya kawaida iandikwe kwa namba 700. Mwaka 1998, katika toleo la 2.1, wakabadili maelekezo: ritifaa ya uandishi, kama ile ya Kifaransa na Kiingereza, iwe 8217, na namba 700 ibaki kwa lugha ambazo ritifaa kwao ni herufi au sehemu ya herufi. Kwa maelezo hayo, nafasi ya ng' yetu ni dhahiri: ni 700. Lakini vitufe vya kompyuta zetu vinasema nini? Katika vibodi vya Kifaransa tunavyovitumia Bujumbura, ritifaa iko kwenye kitufe cha namba 4, na ukiibonyeza unapata 39. Programu za kuandikia hujifanya zina akili na kuigeuza kuwa 8217. Namba 700 haimo katika kitufe chochote. Juu ya hayo, wako waandishi wanaochukua alama za lafudhi za Kifaransa wakaziweka mahali pa ritifaa: ng`ombe, ng´ombe. Hizo nazo zina namba zake.

Yaliyotupata katika orodha ya maneno

Msomaji anaweza kuuliza: je, haya si mambo ya mafundi tu? Tutoe mfano mmoja. Sisi walimu wanne tuligawana kazi ya kukusanya maneno kwa ajili ya faharasa ya wanafunzi. Kila mmoja aliandika kwenye mashine yake, kisha tukaziunganisha orodha na kuiagiza programu ndogo izipange kialfabeti. Programu ile ilipanga kwa kufuata namba tu. Kwa kuwa 39 ni ndogo kuliko 97, maneno ya mwalimu mmoja, kama ng'amua na ng'oa, yakakaa kabla ya ngalawa. Kwa kuwa 8217 ni kubwa kuliko 122, maneno ya mwalimu mwingine, kama ng'ara na ng'ata, yakakaa baada ya nguzo. Ng'ombe alijitokeza mara mbili, juu na chini, kama ng'ombe wawili wa mazizi mbalimbali. Tulipotafuta neno hilo kwa kuliandika upya, programu ilituonyesha mmoja tu, ikaapa kwamba mwingine hayupo.

Faharasa yetu ilikuwa ya maneno mia chache, nasi tuliisahihisha kwa mkono. Sasa msomaji afikirie maktaba nzima ya vitabu vya Kiswahili vilivyohifadhiwa katika kompyuta. Afikirie mtafiti anayehesabu matumizi ya neno nung'unika, akapata nusu. Afikirie mtu ambaye jina lake la ukoo lina ng', naye ameandikishwa kwa ritifaa hii katika ofisi moja na kwa ritifaa ile katika ofisi nyingine, kisha akaambiwa kwamba majina hayalingani. Na programu za kusahihisha tahajia, za kutafsiri na za kusomea vipofu kwa sauti, zote hujifunza kutokana na maandishi tuliyoyaandika sisi. Tukiandika ovyo, zitajifunza ovyo.

Walisu na nukta zao

Hapa ndipo tunapowaomba wasomaji tusafiri hadi Asia. Walisu wanaishi katika milima ya Yunnan huko China, na pia Myanmar, Thailand na India. Mnamo mwaka 1915 hivi, mhubiri Sara Ba Thaw wa kabila la Wakaren na mmisionari Mwingereza James O. Fraser waliwatengenezea alfabeti. Walichukua herufi kubwa za Kirumi, na zilipopungua, wakazipindua kichwa chini zipate kuwa herufi mpya. Hawakuhitaji kununua herufi za kigeni. Fundi wa chapa aligeuza tu kipande cha risasi. Toni za lugha waliziandika kwa nukta na mikato ya kawaida, na sauti za puani wakaziandika kwa ritifaa baada ya irabu. Msomaji anaona wazi kwamba fikra yao ilikuwa ile ile ya watu wa Kiswahili: tumia kilichomo katika kisanduku cha herufi. Mwaka 1992 serikali ya China iliitambua rasmi alfabeti hiyo.

Ilipofika zamu ya kompyuta, palizuka swali zito. Je, nukta inayoonyesha toni ya Kilisu ni nukta ile ile inayomaliza sentensi? Kwa macho, ni ile ile. Lakini ikiwa mashine itaihesabu kuwa mwisho wa sentensi, basi kila neno la Kilisu litakatika. Mwaka 2009, katika toleo la 5.2, Unicode waliipa hati ya Kilisu eneo lake lenye nafasi 48, kuanzia namba 42192 hadi 42239. Herufi zinazofanana na za Kirumi zilipewa namba zake, na alama za toni zikaandikishwa kuwa herufi, ingawa kwa macho ni nukta na mikato. Na ile ritifaa ya sauti za puani je? Haikutungiwa namba mpya. Iliamuliwa kwamba iandikwe kwa namba 700, kwa sababu ndiyo ritifaa isiyokata neno.

Kazi haikuishia hapo. Wanaxi, majirani wa Walisu, nao huandika lugha yao kwa alfabeti hiyo, na walikuwa na herufi moja ambayo haikuwamo katika orodha. Mwaka 2020, katika toleo la 13, herufi hiyo iitwayo Yha iliongezwa kwenye namba 73648, katika eneo jipya lililofunguliwa kwa ajili yake peke yake. Herufi moja, ya lugha moja ya milimani, ikafunguliwa mlango! Hilo lilifanyika kwa sababu wako watu waliokaa chini, wakakusanya vitabu vinavyoitumia, wakaandika maombi na kuyatetea.

Tulinganishe na herufi ŋ, ambayo Waganda wanaihitaji, na Waafrika wengine wengi pia. Iliingia katika Unicode mapema, kwenye namba 330 kwa kubwa na 331 kwa ndogo. Lakini kabla ya hapo ilikuwa imo katika orodha ya kimataifa ya lugha za kaskazini mwa Ulaya, kwa ajili ya Wasami. Matokeo yake yanaonekana hata leo: herufi kubwa ya ŋ ina maumbo mawili, moja likipendwa na Wasami na jingine likipendwa Afrika, yote yakiwa na namba ile ile 330. Mwandishi wa Kiafrika akifungua kompyuta yake mara nyingi hukuta umbo la Wasami. Asiyekuwapo barazani hukatiwa nguo kwa kipimo cha mwenzake.

Tufanye nini?

Hatusemi kwamba Kiswahili kilikosea mwaka 1930, wala hatudai kurudi kwenye ŋ. Tahajia ya ng' imekwisha kuzoeleka kwa vizazi, na vitabu ni vingi mno. Pia hatumshauri mwalimu mmoja mmoja aanze leo kuandika kwa namba 700 peke yake. Akifanya hivyo, maandishi yake hayatapatikana na wanaotafuta kwa 39, naye atakuwa ameongeza fujo badala ya kuipunguza. Hili ni jambo la mapatano. Tunayo mambo manne ya kupendekeza.

Kwanza, darasani tuifundishe ng' kuwa herufi moja, tuitaje kwa sauti yake, na tuwaonyeshe wanafunzi wa Kirundi na Kifaransa tofauti yake na ritifaa ya n'umwana na l'école.

Pili, kila chama, kila shule na kila mchapishaji achague ritifaa moja ya kutumia katika kazi nzima, na kabla ya kuchapa ahakikishe kwamba nyingine zote zimebadilishwa. Kazi hiyo huchukua dakika chache tu. Alama za lafudhi zisitumike kabisa mahali pa ritifaa.

Tatu, karatasi za mitihani zikaguliwe baada ya kuhamishwa kutoka mashine moja hadi nyingine, na hasa maneno yenye ng'. Mtoto asihukumiwe kwa kosa la mtambo.

Nne, suala la namba 700 lipelekwe mbele ya vyombo vyetu: BAKITA, BAKIZA, na Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki iliyoko Zanzibar. Burundi ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, kwa hiyo walimu wa Kinindo wana haki ya kusema sawa na walimu wa Dar es Salaam na Mombasa. Vyombo hivyo vikiamua, watengenezaji wa vibodi na programu wanaweza kuombwa wakiweka kitufe kimoja cha ng' kitakachotoa alama iliyo sahihi, na programu za kutafuta zizihesabu ritifaa zote kuwa kitu kimoja.

Hitimisho

Tumeona kwamba herufi hii ndogo imepita mikono mingi. Katika hati ya Kiarabu ilifichwa ndani ya ghaini; katika mtambo wa chapa ilijengwa kwa vipande vya risasi vilivyokuwapo; taipureta iliinyoosha, na kompyuta ikaigawa mara tatu. Kila mara umbo lake liliamuliwa na mashine ya wakati huo, nasi tukalipokea. Walisu, ambao ni wachache kuliko wasemaji wa Kiswahili, wameonyesha kwamba yawezekana kuamua na kuiambia mashine: hii ni herufi yetu, iheshimu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wetu leo ni mwembamba kama ritifaa yenyewe. Tuuzibe mapema, ili mwanafunzi atakayeletewa karatasi ya mtihani mwaka ujao, awe Kinindo au Kigoma, Bukavu au Lamu, amkute ng'ombe wake akiwa mzima, na nundu yake mgongoni.